Zile baa za zamani za Mji Mkongwe zimekwenda wapi?

Mgeni akiuliza baa kongwe kuliko zote mjini Unguja, kijana yeyote wa Shangani atampeleka Africa House. Atampandisha ngazi mpaka baraza la juu linaloangalia magharibi. Hapo mgeni ataagiza bia, atapiga picha jua likizama nyuma ya ngalawa, na atarudi kwao akiamini kwamba amekaa kwenye baa ya zamani ya Wazanzibari. Kijana hakusema uongo, ila amejibu swali jengine. Ile ilikuwa klabu ya Waingereza, na kwa miaka zaidi ya sabini Mzanzibari wa kawaida aliyeingia humo aliingia amebeba trei.

Mimi si mnywaji. Africa House nimekaa mara nyingi na soda yangu ya tangawizi, namsubiri mtu aliyesema "nafika sasa hivi" akiwa bado yuko mtaa wa Amani. Kukaa huko ndiko kulikonifanya nianze kuuliza wazee: kabla ya watalii, watu wa mji huu waliokuwa wakinywa walinywea wapi, na zile nyumba sasa ni nini?

Jibu la haraka analokupa kila mtu ni dini. Mji wa Waislamu, baa zitadumu vipi? Jibu hilo lina ukweli wake, nitalirudia, lakini halitoshi. Dini ilikuwepo kabla baa ya kwanza haijafunguliwa, ikawepo baa zilipojaa, na iko leo ambapo Mji Mkongwe una vileo kwenye mapaa ya juu kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kitu ambacho hakikuondoka hata siku moja hakiwezi peke yake kueleza kwa nini mambo yamebadilika. Kilichobadilika ni mwenye nyumba, mwenye kibali na mfuko wa mnywaji. Vitu vitatu hivi vilisukumana kwa zaidi ya miaka mia, na kila vilipoachana, baa moja ilifunga mlango.

Tembo halina nyumba

Tuanze na ulevi wenyewe, maana nyumba hufuata kinachonywewa ndani yake.

Ulevi wa asili wa visiwa hivi ni tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kabla halijafunguka, hutundika kibuyu, na utomvu hudondoka kidogo kidogo. Likiteremshwa asubuhi ni tembo tamu, jeupe kama maji ya mchele, na bibi zetu walilitumia kuumulia unga wa mkate wa kumimina zamani hamira ilipokuwa adimu. Liache mpaka jioni, hamira iliyomo ndani ya utomvu wenyewe imeshafanya kazi yake: hilo sasa ni tembo kali. Liache siku chache zaidi, umepata siki ya kutilia achari.

Maana yake ni kwamba tembo halingoji mtu. Huwezi kulitia ghalani ukasubiri wateja wa mwisho wa mwezi. Hunywewa siku lilipogemwa, karibu na mnazi lilipotoka, chini ya mti au uani kwa mtu, huko shamba na pembezoni mwa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Halikuhitaji kaunta, wala kibao cha jina mlangoni. Ndiyo maana lugha yetu ina methali ya mgema, anayesifiwa mpaka akalitia tembo maji, lakini haina methali hata moja ya mwenye baa.

Bia na mvinyo ni habari nyengine. Hivyo vilikuja ndani ya chupa, kwa meli, na chupa hukaa. Ikishakuwa chupa hukaa, unataka ghala lenye kufuli, barafu, kaunta, daftari la madeni na mtu wa kukesha. Baa ya Unguja ni mtoto wa bandari. Ilianza pale mzigo ulipoteremkia, Shangani na Malindi, ndani ya nyumba za mawe ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo.

Klabu tatu, neno moja

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye neno. Waingereza walituletea "klabu", na sisi tukaligawa neno hilo kama mtu anavyogawa nguo za marehemu. Bara likawa kilabu, mahali pa pombe za kienyeji. Unguja likabaki klabu, na mtu akikwambia "naenda klabu" zamani alikuwa na maana ya mpira au taarabu. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na zote mbili ni klabu kweli kweli: zina wanachama, zina ukumbi, zina fitina. Kaunta ya bia tu ndiyo haikuwa msingi wake.

Klabu ya Waingereza yenyewe ilianzishwa 1888, miaka miwili kabla Zanzibar haijawekwa rasmi chini ya himaya ya Uingereza. Tangu mwanzo haikuwa baa kwa maana ya mahali ambapo mtu yeyote mwenye senti anaweza kuingia. Ilikuwa nyumba ya wanachama, na uanachama ulipimwa kwa rangi na cheo. Jamii nyengine nazo zikajitengenezea zao. Wagoa, ambao wengi wao walikuwa makarani wa serikali, wapigapicha, wapishi na washonaji, na waumini wa kanisa Katoliki la Minara Miwili, walikuwa na pahala pao. Wahindi walikuwa na jimkhana zao, yaani klabu za michezo. Mnazi Mmoja pakafanywa uwanja wa michezo, na Waingereza wakacheza golfu pale ambapo leo watoto wanagombania mpira wa miguu.

Juu ya ukuta wa uanachama kulikuwa na ukuta wa sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa waliotia saini, ulihusu zaidi biashara ya watumwa, lakini uliweka pia vizuizi vya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Kutokana na fikra hiyo utawala wa kikoloni ukawagawa wanywaji: Mzungu na chupa yake, mwenyeji na tembo lake, na tembo lenyewe chini ya leseni. Si dini ya mwenyeji iliyokuwa ikilindwa hapo, au si hiyo peke yake. Aliogopewa mwenyeji mwenyewe akishalewa.

Sasa tazama matokeo yake. Nchi inafika kwenye uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa na ulevi wa kila namna, lakini karibu haina baa ya mtaa. Ile nyumba inayopatikana miji mingi ya dunia, ambapo fundi seremala, karani na baharia hukutana kwenye meza moja jioni, hapa haikuwahi kupewa nafasi ya kuota. Mwenye klabu alikuwa na ukuta, mwenye tembo alikuwa na mnazi. Ukielewa hilo, hutashangaa kwa nini kilichofuata kilikuwa na sura ya serikali.

Miaka ya meza moja

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 vyama vya kikabila vilivunjwa na majengo mengi ya Mji Mkongwe yakaingia mikononi mwa serikali. Klabu ya Waingereza ikawa hoteli ya serikali na ikapewa jina la Africa House. Nadhani hakuna jina lililogeuzwa kwa kusudi zaidi ya hilo mjini kwetu. Mlango ukawa wazi, na baraza lile la juu, ambalo wazee walikuwa wakilitazama kutoka pwani, wakaweza kulikalia.

Mzee mmoja jirani yangu, baharia mstaafu, hulikumbuka kwa undani kuliko anavyoikumbuka harusi yake. Siku moja nilimkuta amekaa kibarazani kwake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikamuuliza Africa House ya zamani ilikuwaje. Akaniambia viti vilikuwa vibovu, bia mara ipo mara haipo, na ikiwepo, mara ya moto mara ya baridi. Mhudumu alikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo ukimharakisha anakwenda zake. "Lakini unakaa na daktari, unakaa na kuli, unakaa na Mzungu wa mradi," alisema. "Hakuna aliyekuuliza wewe nani."

"Sasa nani aliifunga, mzee?"

"Nani kafunga? Hakuna aliyefunga. Bei ilipanda, na sisi tukashuka ngazi."

Hii ndiyo miaka ambayo watu wa rika lake wakisema "baa za zamani" huwa wanaikusudia: takriban kutoka mwishoni mwa miaka ya sitini mpaka ya tisini. Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba na mwenye kibali kwa pamoja, na bei ilikuwa ya mshahara wa serikali. Ilijenga pia Bwawani, kwenye kinamasi cha Funguni, ndiko jina lilikotoka, na disko la Bwawani likawa mahali ambapo kizazi kizima kilijifunza kucheza na kuwakwepa shangazi zao. Pemba zilijengwa hoteli tatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, kwa mchoro mmoja. Mtu aliyelala Wete akaamka usingizini angeweza kuapa yuko Mkoani mpaka achungulie dirishani. Mbali na hizo, aliyetaka chupa Pemba alikwenda mess, ukumbi wa kulia na kunywea, ya polisi au ya jeshi. Mess nazo ni sehemu ya historia hii, maana ziko nyuma ya geti, jirani hazimsumbui, na hakuna mwenye nyumba wa kupandisha kodi. Hata leo, mtumishi wa kawaida anayekunywa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukaa kwenye viunga vya kikosi kuliko Shangani.

Udhaifu wa mpango ule ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Baa inayotegemea serikali kwa jengo, kwa bidhaa na kwa wahudumu haina akiba. Paa likivuja, husubiri bajeti. Na nyumba za Mji Mkongwe zikivuja hazisubiri.

Boriti ndiyo inayoamua

Kwa nini baa ya mji huu ikifa haigeuki kuwa kitu chochote tu, bali karibu kila mara hugeuka hoteli? Watu husema tamaa. Mimi nasema kwanza tazama dari.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni kuta nene za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari lake limelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na hustahimili, lakini mti wenyewe una urefu wake. Haiwezi kuvuka chumba kipana. Basi vyumba vya nyumba zetu vina upana wa karibu mita tatu, virefu na vyembamba, vimejipanga kuzunguka ua. Mtu akitaka ukumbi mpana lazima avunje ukuta unaobeba jengo. Akitaka vyumba vya kulala, vimeshakuwepo: viko vingi, vina madirisha marefu na milango ya nakshi, na anachoongeza ni kitanda, chandarua na bafu.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme mwenye nyumba ana vyumba kumi. Baa itatumia baraza, ua na chumba kimoja cha ghala, vilivyobaki vikae bure au vijae makreti. Hoteli itauza vyote kumi kila usiku, na bia itauzwa juu ya paa kama nyongeza, kwa bei ya mtu aliyelipia chumba kwa dola. Hakuna baa ya mtumishi itakayoshindana na hesabu hiyo. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini na serikali ikaanza kuuza na kukodisha majengo yake kwa masharti ya kuyatengeneza, matokeo yalishajulikana. Africa House iligeuzwa na mwekezaji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa hoteli ya vyumba vya gharama, baraza la juu likabaki, ngazi zikabaki, bei ikawa mpya.

La kuchekesha ni kwamba majengo ambayo hayakuwahi kuwa baa yakawa nayo. Jumba la kampuni ya simu za chini ya bahari, Extelcoms, lilikarabatiwa na kufunguliwa 1997 kama hoteli ya Serena. Mambo Msiige, jumba la karne ya kumi na tisa lililokuwa na ofisi za serikali kwa miaka mingi, liliunganishwa na jengo jipya na kufunguliwa 2015 kama Park Hyatt, baada ya mabishano marefu na UNESCO kuhusu kimo na ukubwa, kwa sababu Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ubalozi wa zamani wa Uingereza pale ufukweni, nyumba ambamo mwili wa Livingstone ulipitishwa 1874 ukielekea kwao, baadaye nao ulifanywa mkahawa wenye kaunta. Kwa hiyo mtu akikwambia baa zimekwisha mjini, mwambie ahesabu tena. Kilichokwisha ni ile ya mtu anayelipwa kwa shilingi.

Kuna hasara nyengine ambayo haionekani kwenye picha za machweo. Nyumba ya ua ilikuwa na choo kimoja au viwili, tena pembezoni. Hoteli inataka bafu kila chumba, ghorofa ya pili, ya tatu, mpaka juu. Maji yakivuja ndani ya ukuta wa chokaa hupanda na kushuka humo kimya kimya, na fundi asiyejua akiupiga lipu ya saruji nje ili upendeze, unyevu hukosa pa kutokea. Ncha za boriti, pale zilipoingia ukutani, huoza kwanza. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ina kanuni za mambo haya, lakini kanuni haiingii ndani ya ukuta kutazama. Sote tuliona tarehe 25 Desemba 2020 Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, lilivyoanguka upande mmoja na kuua watu wawili. Lile halikuwa hoteli, sababu zake ni nyengine, lakini liliwafundisha watu wa mjini kwamba jengo kubwa nalo hufa.

Ukitaka kuona boriti inavyoamua, linganisha na sinema. Royal ya Vuga ilifunguliwa 1921, ikaungua, na Majestic ikajengwa mahali pake 1955. Darajani kulikuwa na Empire. Njia ya bandarini kulikuwa na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Hizo ndizo zilizokuwa jioni za watu wote: filamu ya Kihindi, karanga, vilio, na maonyesho maalumu ya wanawake. Televisheni ya rangi ilipofika 1973, kisha kanda za video, zikaanza kukauka. Lakini sinema ni ukumbi mpana usio na nguzo katikati, kwa hiyo haikuwa rahisi kuigeuza hoteli. Empire ikawa supamaketi. Cine Afrique nayo ikawa maduka. Majestic ikabaki gofu. Chumba chembamba huzaa hoteli, ukumbi mpana huzaa duka.

Kibali, na yule jirani

Nilisema nitairudia dini. Inaingia hapa, kwenye leseni.

Baa haina haki ya kudumu hata ikiwa na jengo zuri. Leseni ya vileo hutolewa kwa muda na kwa mahali maalumu, na Zanzibar ina Bodi ya Kudhibiti Vileo na sheria mpya ya mwaka 2020. Hoteli ya kitalii ina njia yake, na baa ya mtaani ina yake, iliyo nyembamba zaidi, kwa sababu hiyo ina majirani: msikiti, skuli, mama anayelala mapema. Jirani wa Kizanzibari ana subira ya ajabu kwa kitu kilichofichwa. Mwezi wa Ramadhani baa hufunga au hujifunika pazia, na kila mtu hujifanya hajui. Anachokataa ni kutangaziwa. Mwaka 2006 palipopangwa sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa mwanamuziki Freddie Mercury, mtoto wa mjini aliyezaliwa hapa kwa jina la Farrokh Bulsara, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga na sherehe ikafutwa. Mkahawa uliotaka kuifanya ulikuwa ukiuza vileo jana yake na kesho yake. Mabango ndiyo yaliyoleta shughuli.

Kwa hiyo dini haikuzifunga baa za zamani. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba siku baa ya mtaa ilipopata shida ya kodi au ya leseni, hapakuwa na mtu aliyesimama hadharani kuitetea. Nani ataandika barua kwa mkuu wa mkoa kusema "turudishieni baa yetu"? Wateja wenyewe watageuza uso. Mji mwengine wanywaji hukusanya saini. Hapa hata yule baharia wangu, anayesimulia yote hayo, aliniomba jina lake nisilitaje.

Na kibali hakiishii mlangoni mwa baa. Bia yote huletwa kwa bahari, na waingizaji nao wanahitaji vibali. Januari 2024 vibali vya waingizaji waliozoeleka havikuongezwa muda, wapya wakachukua nafasi wakati bado hawajajipanga, na visiwa vikakaukiwa katikati ya msimu wa watalii. Bei zikakaribia kuongezeka maradufu. Waziri wa Utalii wa wakati huo, Simai Mohammed Said, ambaye alikuwa amelalamika hadharani kuhusu upungufu huo, akajiuzulu mwezi huo huo. Hoteli kubwa zilikuwa na ghala na zikajikongoja. Vibanda vidogo vilivyobaki havikuwa na ghala, vikauza soda.

Kisichofungika

Ukiniuliza nini kilichofanya kazi ya baa katika mji huu, nitakwambia baraza. Nenda Jaws Corner baada ya alasiri, pale njia tano zinapokutana, pameitwa hivyo kwa ajili ya ile filamu ya papa. Muuza kahawa anagonga vikombe viwili kwa mkono mmoja, kle kle kle, birika la shaba juu ya makaa, kahawa chungu na kipande cha kashata. Domino zinapigwa mezani kana kwamba meza imekosa. Siasa zinachambuliwa mpaka mfupa. Deni linadaiwa kwa mzaha, msiba unatangazwa, kijana asiye na kazi anaonyeshwa mtu wa kumwona. Hayo yote ndiyo mambo ambayo watu wa nchi nyengine huyafuata baa. Hapa yanapatikana kwa bei ya kikombe cha kahawa, juu ya benchi la mawe ambalo ni sehemu ya ukuta wa nyumba ya mtu.

Baraza halina leseni ya kunyang'anywa wala kodi ya kupandishwa. Ila nalo sasa linaguswa. Nyumba ikishauzwa na kuwa hoteli, mara nyengine utakuta benchi lake limepangwa vyungu vya maua, vizuri kabisa, kutoka ncha mpaka ncha. Hakuna aliyekwambia usikae. Huna pa kukaa tu.

Wiki iliyopita nilipita kwenye duka moja la zawadi, si mbali na nyumba aliyoniambia baharia wangu kwamba zamani ilikuwa baa ya watu wa bandarini. Ndani kuna kanga, vinyago na pakiti za viungo, vimepangwa juu ya ubao mmoja mrefu wa mti mweusi mzito, mrefu kuliko duka linavyohitaji. Nikauinamia. Juu yake kuna duara, kisha duara jengine, mamia yake, yamepandana, kila moja upana wa kitako cha chupa. Mwisho wa ubao pembe imelika kama mahali ambapo mkono umekuwa ukiegemea kwa miaka.

Binti wa dukani aliniona nikipitisha kidole.

"Ya zamani sana hiyo, kaka," akasema. "Ya Waarabu. Wageni wanaipenda, wameshataka kuinunua mara mbili."

Kisha akasogeza kanga zikafunika madoa, akaniuliza kama nataka kipande kimoja au doti.